Alama za Bidhaa za Kigeni: Kutoka Soko la Madina hadi Maduka ya Ngaramtoni

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, aliyeteremsha Kitabu pamoja na Mizani ili watu wasimame kwa uadilifu. Rehema na amani zimfikie Bwana wetu Muhammad (s.a.w.), aliyejulikana kwa uaminifu katika biashara kabla ya kupewa Utume, pamoja na Aali zake na Masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Siku moja baada ya sala ya Alasiri, hapa kwetu Olmotonyi, alinijia muumini mmoja mwenye duka la pembejeo za kilimo upande wa Ngaramtoni. Ni mtu wa sala tano, na mkono wake katika sadaka unajulikana. Alikuwa amejaa huzuni. Wakaguzi walipita dukani kwake wakakuta chupa ndogo za maji ya kunywa alizozijaza dawa ya kuulia wadudu kutoka katika dumu kubwa lililoletwa kutoka nje ya nchi. Chupa zile hazikuwa na karatasi wala maandishi yoyote. Wakazichukua, na faini wakamwandikia. Akaniuliza: "Shekhe, dawa ni ile ile, sikuitia maji, kipimo ni kamili, na bei nimeishusha ili mnyonge naye aipate. Nimekosa nini mbele ya Mwenyezi Mungu? Au hii ni sheria ya serikali tu?"

Sikumjibu siku ile. Nilimwomba anipe muda hadi Ijumaa, kwa sababu swali lake si dogo, na lina historia ndefu kuliko duka lake na kuliko serikali yoyote tunayoijua. Makala haya ni maelezo ya jibu nililompa, nimeyapanua ili yawafae maimamu na wanafunzi wanaoulizwa maswali kama hayo.

RUNDO LA CHAKULA KATIKA SOKO LA MADINA

Imamu Muslim amepokea kutoka kwa Abu Huraira (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alipita sokoni penye rundo la chakula, akaingiza mkono wake ndani, vidole vyake vikakuta unyevu. Alipomuuliza mwenye chakula, yule akasema kimenyeshewa na mvua. Mtume (s.a.w.) akamuuliza kwa nini hakukiweka juu kile kilicholowa ili watu wakione, kisha akabainisha kwamba mwenye kufanya udanganyifu hayumo katika kundi lake.

Ndugu msomaji, hebu tuizingatie riwaya hii. Mtu yule hakusema uongo. Hatuambiwi kwamba alimtangazia yeyote kuwa chakula chote ni kikavu. Wala mvua haikuwa kosa lake. Kosa lake lilikuwa kuiweka bidhaa kwa namna ambayo jicho la mnunuzi haliufikii ukweli, kisha akanyamaza. Kwa hiyo kunyamaza nako ni ghishi pale ambapo mnunuzi hana njia ya kujua.

Hadithi nyingine waliyoipokea Bukhari na Muslim inakataza kumwacha mnyama bila kukamwa siku kadhaa ili kiwele kijae, mnunuzi adhani ni mnyama wa maziwa mengi. Aliyenunua kwa namna hiyo amepewa hiari ya kumbakisha au kumrudisha pamoja na pishi ya tende. Hapa pia muuzaji hakutamka neno. Kiwele ndicho kilichosema uongo kwa niaba yake. Na katika hadithi ya Hakim bin Hizam (r.a.) tunafundishwa kwamba muuzaji na mnunuzi wakisema kweli na wakabainisha, hubarikiwa katika biashara yao, na wakificha na kudanganya, baraka hufutwa. Kusema kweli kumetajwa peke yake na kubainisha kumetajwa peke yake, kwani mtu anaweza kusema kweli tupu na bado asibainishe.

YAI, KOMAMANGA NA CHUPA ILIYOFUNGWA

Wanafunzi waliosoma Minhaj ya Imamu Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijria, sawa na 1277) wanajua kwamba katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, kauli yenye nguvu ni kuwa kitu ambacho wanaouziana hawajakiona hakisihi kuuzwa. Sababu ni gharari, yaani kuingia katika jambo ambalo mwisho wake umefichika.

Hata hivyo fuqahaa hawakuwa watu wa kuwadhikisha waja. Wakasema kuona sehemu kunatosha ikiwa sehemu hiyo inaonyesha hali ya kilichobaki, kama kuona juu ya rundo la ngano. Wakasema pia kuona ganda kunatosha pale ganda linapokuwa ndilo hifadhi ya maumbile, kama ganda la komamanga na la yai, kwani ukilivunja unaharibu bidhaa. Na katika vitabu vya madhehebu wamejadili fuqaa, kinywaji kilichokuwa kikiuzwa ndani ya vyungu vilivyofungwa midomo. Yuko aliyesema chungu kifunguliwe mdomo na kutazamwa kwa kadiri inavyowezekana, na yuko aliyeruhusu bila ya hivyo kwa kuwa watu wana haja nacho.

Mjadala wa fuqaa unatuhusu sana leo. Karibu kila kinachoingia nchini mwetu kutoka ng'ambo kimefungwa: kopo la maziwa, chupa ya mafuta, pakiti ya mbegu, dumu la dawa. Hatuwezi kufungua kila kopo kabla ya kununua, na hata tukilifungua, jicho halitaona sumu wala tarehe ya kuharibika. Chupa ya kiwandani si ganda la yai. Ganda la yai ameliumba Mwenyezi Mungu na halikumkusudia mtu kwa hila, lakini chupa imetengenezwa na muuzaji mwenyewe, na anaweza kuiandika atakavyo. Basi kilichochukua nafasi ya kuona ni yale maandishi yaliyobandikwa juu yake. Lebo ni kauli ya muuzaji asiyekuwepo, inazungumza na mnunuzi atakayekuja. Ikiwa hivyo, yote yanayomwajibikia muuzaji katika ulimi wake yanaiwajibikia lebo: iwe ya kweli, ieleweke, na imfikie anayehusika. Tuyashike mambo haya matatu, kwani historia iliyobaki ni historia ya yalivyovunjwa moja baada ya jingine.

WATAZAMAJI WA SOKO

Waislamu wa kwanza hawakuliacha jambo hili kwa nasaha za mimbarini peke yake. Waliweka kazi ya hisba, na mwenye kuishika akaitwa muhtasibu. Imamu Mawardi, mwanachuoni wa Kishafi aliyefariki mwaka 450 Hijria (1058), ameiwekea mlango maalumu katika kitabu chake cha hukumu za utawala. Baada yake Shaizari, aliyeishi katika karne ya 6 Hijria, akaandika kitabu kizima cha kumwongoza muhtasibu, kila biashara na mlango wake: waoka mikate, wauza samli, wafuma nguo, na wauza madawa na manukato. Wauza madawa amewaweka katika walio wagumu zaidi kuwakagua, kwa sababu madawa ni mengi, yanatoka nchi za mbali, na wanaoyajua ni wachache. Katika hayo, zipo hila ambazo amejizuia kuzitaja kwa kuchelea wasio na dini wasije wakajifunza.

Naye Imamu Ghazali (aliyefariki mwaka 505 Hijria, 1111) katika Ihyaa amemhesabu kuwa mdanganyifu anayeonyesha upande mzuri wa nguo na kuukunja ule mbaya, na anayetandaza nguo mahali penye giza. Amesimulia kisa cha Sahaba Wathila bin Al-Asqa'i (r.a.) aliyeshuhudia ngamia akiuzwa kwa dirhamu 300. Mnunuzi alipoondoka, Wathila alimfuata akipaza sauti, akamuuliza anamtaka kwa nyama au kwa safari. Aliposema ni kwa safari, akamwambia kwamba ukwato wake una tundu na hatohimili mwendo. Muuzaji akalazimika kurudisha dirhamu 100. Wathila hakuwa muuzaji wala mnunuzi, ila aliona kunyamaza hakumhalalikii mwenye kujua.

PWANI YETU NA MALI ZA WAGENI

Alipofika Mogadishu mwaka 1331, msafiri Ibn Battuta aliikuta desturi iliyomshangaza. Meli ikitia nanga, vijana wa mji huiendea kwa mashua, kila mmoja akiwa na sinia la chakula, na kila mfanyabiashara mgeni hupata mwenyeji wake. Mwenyeji humuuzia mali yake na kumnunulia anachotaka. Mtu akinunua kwa mgeni kwa bei ya kumpunja, au akimuuzia bila ya mwenyeji wake kuwepo, biashara hiyo ilirudishwa.

Watu wengi wanaisoma habari hii kama sifa ya ukarimu wa Pwani. Ni ukarimu, ndiyo, lakini ni sheria ya soko pia. Mji ulijua kwamba mali ya mgeni haina anayeijua, na mgeni hajui bei wala desturi, kwa hiyo ukaweka mtu kati yao wa kuulizwa. Mwenyeji yule alikuwa anafanya kazi ambayo leo tunaitaka lebo iifanye: kusema mali imetoka wapi na nani atajibu likitokea tatizo.

Mambo yalibadilika bidhaa zilipoanza kutoka viwandani. Mwaka 1833 Sayyid Said bin Sultan alitia saini mkataba wa biashara na Marekani, na baada yake nguo nyeupe ya pamba isiyopaushwa, kutoka viwanda vya Massachusetts, ikaingia kwa wingi Unguja na kuenea bara. Watu wakaiita merikani, kwa jina la nchi ilikotoka. Ilisifika kwa uimara. Waingereza walipojaribu kuiiga, wanunuzi walilalamika kwamba nguo yao ikifuliwa inabaki nyepesi, kwa maana uzito wake ulikuwa wa wanga si wa uzi. Ilipozuka vita ya wenyewe kwa wenyewe kule Marekani kati ya 1861 na 1865, pamba ikaadimika, na baadaye viwanda vya Bombay vikachukua sehemu kubwa ya soko hilo. Lakini jina halikubadilika. Nguo ikatoka Bara Hindi na bado ikaitwa merikani, na bibi zetu wameitumia wakiiita hivyo hivyo.

Hapa ndipo sharti la kwanza, yaani ukweli, linapojitokeza. Jina la bidhaa huanza kuwa habari ya kweli, kisha hugeuka sifa, kisha hubaki sauti tu. Ikiwa watu wote wanajua kwamba merikani ni aina ya nguo na si nchi itokako, hakuna ghishi. Ikiwa mnunuzi analipa zaidi kwa sababu anadhani imetoka mahali fulani, na muuzaji anajua sivyo, basi ni tadlisi, kuificha hali halisi, sawa na kiwele kilichojazwa.

Mataifa mengine nayo yalilitambua hilo kwa njia yao. Mwaka 1887 Uingereza ilitunga sheria ya alama za bidhaa baada ya mafundi wa visu wa Sheffield kulalamika kwamba visu vya Ujerumani vinauzwa vikiwa na alama za kwao. Bidhaa ya kigeni yenye alama ya kumfanya mnunuzi adhani ni ya Kiingereza ikalazimishwa kutaja inakotoka. Tanzania Bara nayo ina Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, ambayo leo inasimamiwa na Tume ya Ushindani iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003. Anayedhani kwamba kukamatwa kwa bidhaa bandia ni jambo jipya ajue kwamba limetangulia umri wa wengi wetu.

MSIBA WA IRAQ MWAKA 1971

Sharti la pili, kueleweka, limefundishwa kwa msiba mkubwa katika nchi ya Waislamu.

Baada ya ukame, serikali ya Iraq iliagiza mbegu za ngano na shayiri kutoka nje, zaidi ya tani 90,000, nyingi kutoka Mexico. Ziliteremshwa bandari ya Basra katika miezi ya mwisho ya 1971, mwaka 1391 Hijria. Mbegu zile zilikuwa za kupanda si za kula, kwani zilipakwa dawa ya kuzuia ukungu yenye zebaki. Magunia yaliandikwa tahadhari, lakini kwa Kihispania na Kiingereza, na yakachorwa fuvu la kichwa na mifupa. Mkulima wa kijijini Iraq hasomi Kihispania, na mchoro ule kwake haukuwa na maana ya sumu. Mbegu zilitiwa rangi nyekundu ili zitambulike, ila rangi ilitoka zilipooshwa, watu wakadhani na sumu imetoka pamoja nayo. Wapo waliowalisha kuku kwanza kwa siku chache, wakaona hawajadhurika, wakapata utulivu. Sumu ile haidhihiri upesi, huchukua wiki kadhaa. Na sehemu nyingi mbegu zilifika baada ya msimu wa kupanda kupita.

Wakasaga, wakaoka mikate, wakala wao na watoto wao. Hesabu rasmi za hospitali zilikuwa watu 6,530 waliolazwa na 459 waliofariki. Wengine walipofuka, wengine wakapoteza uwezo wa kutembea, na watoto walidhurika wakiwa matumboni mwa mama zao. La kusikitisha zaidi ni kwamba nchi ile ile ilikwisha kupatwa na msiba wa namna hiyo mwaka 1956 na mwaka 1960.

Tukiuliza kama magunia yale yalikuwa na lebo, jibu ni ndiyo. Tukiuliza kama lebo ilisema kweli, jibu ni ndiyo pia. Kilichokosekana ni kufahamika. Mwenyezi Mungu anatuambia katika Sura Ibrahim, aya ya 4, kwamba hakumtuma Mtume yeyote ila kwa lugha ya watu wake, ili awabainishie. Ikiwa wahyi wenyewe haukushushwa kwa watu kwa lugha wasiyoijua, vipi tahadhari ya sumu?

HAPA KWETU CHINI YA MLIMA MERU

Sasa turudi nyumbani. Mwenyezi Mungu ameujaalia ukanda huu udongo mwema na mvua, na watu wake wanalima mahindi, maharage, viazi, kabichi na nyanya. Pia ni jirani wa taasisi ambayo kwa miaka mingi imeshughulika na jambo hili hili. Taasisi ya Utafiti wa Viuatilifu vya Kitropiki, TPRI, iliyoko Ngaramtoni, ilianzia katika kitengo cha utafiti cha wakoloni kilichoundwa Uganda mwaka 1945 na baadaye kuhamishiwa Arusha. Ilikuwa chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki hadi jumuiya ile ilipovunjika mwaka 1977. Mwaka 1979 Bunge likaitungia sheria, na kanuni za kudhibiti viuatilifu zikafuata mwaka 1984. Kwa Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020 kazi zake zimeingizwa katika Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA.

Katika utaratibu huo kiuatilifu hakiuzwi kabla ya kusajiliwa, na kifungashio chake kinatakiwa kuwa na maandishi ya Kiswahili pamoja na Kiingereza. Lebo itaje jina la sumu iliyomo na kiasi chake, mtengenezaji na msajili wake, namba ya usajili, tarehe ya kutengenezwa na ya kwisha muda, mazao inayofaa, kipimo cha kuchanganya, siku za kungoja kabla ya kuvuna, na huduma ya kwanza kwa aliyedhurika. Chini yake huwekwa mkanda wa rangi kwa ajili ya asiyejua kusoma: nyekundu ni kwa sumu kali zaidi, kisha manjano, kisha buluu, na kijani ni kwa iliyo na hatari ndogo. Mpangilio huu unafuata miongozo ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, ambalo mwaka 1985 lilipitisha kanuni za mwenendo juu ya usambazaji na matumizi ya viuatilifu.

Bidhaa nyingine nazo zina wasimamizi wao. Shirika la Viwango, TBS, lilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1975, na tangu 2012 bidhaa nyingi za nje hutakiwa kukaguliwa huko huko zinakotoka kabla ya kupakiwa. Tangu 2019 vyakula na vipodozi viko chini yake pia.

Basi kweli ipo, na Kiswahili kipo. Limebaki sharti la tatu, nalo ni kufika. Hapa ndipo tunapoanguka. Dumu la lita 20 linatoka ng'ambo na lebo yake kamili, linafika dukani, linafunguliwa, na dawa inapimwa katika chupa za maji na za soda. Lebo inabaki kwenye dumu, sumu inaondoka peke yake. Mkulima anafika nyumbani na chupa isiyosema lolote. Ataichanganya kwa kukisia, atavuna nyanya kesho badala ya kungoja siku zilizowekwa, na ataiweka chini ya kitanda. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 juu ya wakulima wadogo wa mboga kaskazini mwa Tanzania ulikuta kwamba walikuwa wakichanganya dawa kadhaa pamoja, bila ya maelekezo ya lebo wala ya bwana shamba juu ya michanganyiko hiyo.

Nami nikiri kosa langu. Miaka ya nyuma, nikiwa mwalimu kijana wa madrasa, tulipewa madumu matupu kutoka shamba moja. Karatasi zake zilikwisha kubanduka. Tukayasuuza, tukatia maji ya udhu. Siku ya tatu watoto wakaanza kulalamika kuwashwa na mikono, na mzee mmoja akanusa maji akatuamuru tuyamwage. Alhamdulillahi hakuna aliyepata madhara makubwa. Lakini mimi niliyekuwa nikiwafundisha watoto hukumu za maji yanayotahirisha sikuuliza dumu lile lilibeba nini. Tangu siku hiyo siwezi kuiona lebo iliyobanduliwa kuwa ni jambo dogo.

HOJA ZA WAFANYABIASHARA NA MAJIBU YAKE

Wa kwanza husema: hizi ni sheria za serikali, hazimo katika dini. Jibu ni kwamba pale amri ya mtawala inapoagiza kile ambacho sheria ya Mwenyezi Mungu imekwisha kukiagiza, yaani kubainisha na kuondoa madhara, uwajibu wake hautokani na serikali peke yake. Na katika yale yaliyo mubaha, kama rangi ya mkanda au mahali pa kuandika tarehe, kanuni ya fuqahaa ni kwamba mtawala huwapangia raia kwa kuzingatia maslahi yao. Maslahi ya kuzihifadhi nafsi yako wazi hapa.

Wa pili husema: nimeandika kwenye risiti kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Imamu Nawawi ameeleza katika Minhaj kwamba, kwa kauli yenye nguvu, muuzaji akishurutisha kujivua na aibu za bidhaa, hatovuliwa ila aibu ya ndani ya mnyama ambayo hakuijua. Sharti hilo la risiti basi halimfuti mtu dhima kwa bidhaa nyingine, wala kwa aibu aliyoijua akainyamazia.

Wa tatu ana hoja nzito zaidi, nayo ni hoja ya muumini wetu: maskini hana fedha ya lita nzima. Hoja hii isidharauliwe, na wenye mamlaka waizingatie, kwani kanuni isiyomwangalia mnyonge humsukuma kwenye mlango wa nyuma. Lakini dawa yake ni waagizaji kuleta vifungashio vidogo vyenye lebo kamili, na wakulima kununua pamoja na kugawana kazi ya kupulizia kutoka chombo kimoja. Kumpa maskini sumu isiyo na jina kwa bei nafuu si kumhurumia, kwa sababu anayesoma ana namna ya kuuliza kwingine, na yeye hana. Fuqahaa wetu wamejadili hukumu ya aliyemkaribisha mgeni chakula chenye sumu naye hajui. Akiwa mgeni ni mtoto au mwendawazimu akafa, wamesema ni kisasi. Akiwa mtu mzima mwenye akili asiyejua hali ya chakula, kauli yenye nguvu ni diya. Sisemi kwamba muuza chupa ana hukumu hiyo hiyo, kwani yeye hakusema ni chakula wala hakukusudia kuua. Lakini mwenye kuogopa Mwenyezi Mungu atazame ni mlango gani wa fiqhi anaousogelea, hasa akikumbuka kwamba chupa ya soda humwita mtoto.

JIBU NILILOMPA

Aliporudi baada ya Ijumaa nilimwambia: "Ndugu yangu, kipimo chako ni kamili na dawa hukuichanganya, na kwa hilo Mwenyezi Mungu akulipe. Lakini ulimkata ulimi muuzaji wa kwanza na wewe hukusema badala yake. Mtu wa Madina alificha unyevu wa mvua, akaambiwa aliyoambiwa. Wewe umeficha jina la sumu. Faini lipa, nayo ni nyepesi. Lililo zito ni zile chupa ambazo wakaguzi hawakuzikuta, kwa sababu zilikwisha kuuzwa."

Alinyamaza muda mrefu. Kisha akaniuliza afanyeje na hizo. Nikamwambia afanye alivyofanya Wathila bin Al-Asqa'i: awafuate. Anawajua wateja wake, wengi ni wa vijiji hivi hivi. Alizunguka siku kadhaa, nyumba kwa nyumba, akawaeleza majina ya dawa, kipimo chake na siku za kungoja, na chupa zilizokuwa bado zimejaa akazirudisha na kulipa fedha zake. Nyumba moja aliikuta chupa juu ya rafu, kando ya chupa ya mafuta ya kupikia, zikiwa na umbo moja. Aliporudi kunisimulia hilo, hakuniuliza tena kama sheria ile ni ya serikali tu.

Enyi maimamu, katika khutba zetu tunawasomea watu Suratul Mutaffifin juu ya wanaopunguza vipimo, na ni haki. Tuwaambie pia kwamba Nabii Shuaib (a.s.) alipowaamrisha watu wake kutimiza kipimo aliwakataza vile vile kuwapunja watu vitu vyao, na habari ya bidhaa ni katika vitu vya mnunuzi. Mwenye duka asibandue lebo, asigeuze tarehe, asiuze kisichosomeka. Mwenye kununua asome, na asiyejua kusoma amuulize mwanawe anayesoma. Na dumu tupu lisiingie jikoni wala msikitini.

Mwenyezi Mungu atujaalie riziki ya halali, na atuhifadhi sisi na watoto wetu na kila lenye madhara lililofichwa. Wallahu a'lam, wabillahi tawfiq.